Fungu la Wasio na Majina

Nitaanza na kosa langu, kwa sababu nikianza na mengine nitazunguka kama mbuzi wa kamba ndefu, na kosa nitalipita pembeni. Kosa ni hili. Kulikuwa na mama mmoja, mjane, aliyekuja kwenye bilo yetu, ofisi ya reli hapa Kamina, kila Alhamisi kuulizia karatasi ya kifo cha mume wake. Kwa miaka miwili nilijua ile karatasi iko wapi. Na kila Alhamisi nilimwambia: bado.

Sasa mnajua. Twende polepole.

Mume wake alikuwa mtu wa ekipi ya njia, wale wanaotembea na nyundo kukaza reli na kubadilisha mbao zilizooza. Alifia kazini upande wa Bukama, zamani, msimu ambao maji yalikata njia na hakuna treni iliyoweza kurudisha maiti. Wenzake walimzika kulekule. Halafu ekipi ikatawanyika, wengine wakafa, wengine wakarudi kwao, na mama akabaki na habari moja tu: amezikwa karibu na reli. Reli ni ndefu, ndugu zangu. Mama hakutaka kitu kingine kwetu. Alitaka kujua mahali, aende ang'oe majani, aweke musalaba, alie vizuri mara moja, halafu arudi kwenye shamba lake la muhogo.

Miye njo, ndimi hasa, nilikuwa mchungaji wa makaratasi ya bilo. Nasema nilikuwa, lakini hata leo sijui kama nimeacha. Walinipa pumziko kitambo, wakanishika mkono, wakanipa chupa mbili za limonade na redio isiyoshika stesheni hata moja. Lakini funguo hakuna aliyeziomba. Kesho yake niliamka, nikavaa, nikaenda. Nyumbani ningebaki na nani? Mke wangu ametangulia. Watoto wako Lubumbashi na Kolwezi, wananipigia simu siku ya Noeli, na simu inakatika tukiwa bado tunaulizana habari za mvua. Shuleni niliishia darasa la tano. Baba yangu, ambaye pia alikuwa mtu wa reli, alisema reli haiulizi diploma. Alidanganyika, iliuliza sana, lakini nilikuwa na mwandiko mzuri, na zamani mwandiko mzuri ulikuwa mlango.

Chumba chetu cha makaratasi kiko nyuma ya bilo. Kina mbao mpaka kwenye paa, na dosye, yaani mafaili, zimefungwa mafungu kwa kamba. Mchwa waliwahi kula rafu nzima ya mwisho, na tangu siku ile kuna jamaa za hapa Kamina ambazo kwa karatasi hazijawahi kuzaliwa. Niliziandikia upya zile nilizozikumbuka kwa kichwa. Nyingine hapana.

Basi, mwaka mmoja mvua ilipasua manjanja, mabati ya paa, maji yakaingia, na nikakaa siku nne uani nikianika makaratasi juani, kila moja na jiwe lake juu. Njo hapo nilifungua fungu moja la chini kabisa ambalo hakuna aliyeligusa tangu ujana wangu: fungu la wasio na majina. Humo tulitia ripoti zote zilizokuja bila jina la mtu. Mzigo usio na mwenyewe. Kinga iliyookotwa kwenye kivuko, baiskeli ya nani hatujui. Na karatasi moja ya shefu wa ekipi, kwa penseli, inayosema kwamba Papa mapasa amekufa, na imeandika kilomita, na mto mdogo, na mti gani, na upande gani wa reli wamemlaza.

Niliielewa palepale: ni upande wa Bukama, msimu ule wa maji, na mama wa Alhamisi alikuwa amekwisha kunipa habari za mapasa wake. Kwetu huku, mtu akizaa mapasa, watoto wawili wa tumbo moja, jina lake la zamani linawekwa chini. Anakuwa Papa mapasa, na bibi yake Mama mapasa, na kumwita kwa lile la zamani ni kuwadharau wale watoto. Shefu wa ekipi alikuwa mtu wa adabu. Hata kwenye ripoti ya kifo hakutaka kumkosea mwenzake. Ripoti ikafika kwa karani kijana mwenye mwandiko mzuri, yaani miye. Nami nilijua desturi, nilijua vizuri, lakini kanuni ya bilo ilisema mapasa si jina, na pasipo jina weka kwenye fungu la wasio na majina. Nikaweka. Nikafunga kamba.

Na mama je? Mama naye, kwa heshima ya bilo, alikuja na jina la batizo na jina la ukoo, yale ya kwenye kitambulisho. Mtu akienda bilo anavaa viatu, na majina vilevile anayavaa. Karatasi ilisema jina la nyumbani, mama akasema jina la bilo. Wakapitana.

Alhamisi ile ile nilikusudia kumwambia. Nawaapia. Alifika kutoka sokoni, akakaa kwenye benchi, akanitolea munkoyo, togwa yetu ya mahindi, kwenye kibuyu, akasema, "Papa, leo jua iko kali. Kunywa mbele, tutasema nyuma." Nikajisemea nitamwambia akimaliza kunipa habari za soko. Akanipa habari za soko. Akanipa na za mkwe wake mvivu, ambaye alimwambia mke wake jembe linamletea homa. Tukacheka. Muda gani nilikuwa sijacheka na mtu mchana? Halafu akasimama, akauliza, "Basi, ile karatasi?" Nami mdomo ulifunguka peke yake: "Bado, mama. Alhamisi ijayo."

Neno bado ni kama mlango ulioachwa wazi kidogo. Alhamisi iliyofuata lilikuwa rahisi zaidi.

Sasa nije kwa ile kazi ya mashini, maana bila hiyo ningekuwa bado nasema bado.

Shefu mpya alipofika alichoka kuona watu wanapanga mstari mbele ya mzee mmoja. Akaita kutoka Lubumbashi mwanamke mmoja wa makamo, mwenye miwani, pamoja na binti wa kuandika, ili watie dosye zetu zote ndani ya mashini, yaani kompyuta, na kila bilo iwe na kioo chake cha kutafutia. Shefu akatutangazia kwamba huyu ni arshitekte, mchoraji wa nyumba nilivyojua miye. Niliangalia paa letu lililopasuka nikasema Mungu amesikia. Kumbe hapana, alikuwa arshitekte wa habari. Yule mama alicheka nilipomwonyesha manjanja, akasema, "Papa, minyi sijengake nyumba. Minyi ninapangaka paka namna bantu banapata kintu." Yaani kazi yake ni kupanga tu namna watu wanavyopata kitu.

Siku ya kwanza shefu alimwambia, mbele yangu, "Minyi nataka kama ile ya mu telefone. Naandika, inatokea."

"Itatokea nini, shefu?"

"Kila kintu!"

"Hata barua yako ya kuomba konje, likizo?"

"Ile hapana."

"Na karatasi ya dokta juu ya bantu ba kazi?"

"Ile pia hapana."

"Kumbe shefu hautaki kila kintu," akasema, akaandika. Toka hapo nikampenda yule mama.

Shefu alitaka dosye zipangwe kwa serivisi, yaani idara: ya kwanza, ya pili, kama picha ile ya masanduku na mistari iliyobandikwa bilo kwake. Mama arshitekte akanigeukia akaniuliza kitu ambacho tangu nizaliwe hakuna aliyeniuliza: "Papa, bale bantu banakuyaka hapa, banasemaka nini pa mulango?"

Akanipa kaye mpya, daftari, na biki. Kazi yangu kwa wiki zote zile: kila anayekuja, niandike maneno yake yalivyo, nisiyanyooshe. Pembeni niandike karatasi aliyotaka kweli, na tuliipata au hapana. Nikaandika. Mkono ni mzito siku hizi, lakini niliandika. Hakuna hata mmoja aliyesema serivisi. Nyumba zilezile za reli mmoja aliita kambi, mwingine nyumba za mustari, mwingine "kule kwa Bazungu ya zamani", na kwenye dosye ziliandikwa kwa namba ambayo wanaolala ndani yake hawaijui. Tukapanga orodha: jina la dosye huku, na kule pembeni majina yote ambayo watu wanayaita. Yeye aliyaita majina ya pembeni. Kila asubuhi nilimpa mengine. Alisema mashini ni kama mgeni aliyeshuka treni leo: ana mguu mwepesi, lakini njia hajui, ni sisi wa kumwambia.

Nitasema kweli, zile zilikuwa wiki nzuri. Mtu ananisikiliza kutoka saa mbili mpaka saa kumi. Nilimwambia hata mambo yasiyohusika: namna baba yangu alivyoijua treni ya mizigo kwa mtetemo wa kikombe mezani, namna mke wangu alivyokataa kupanda treni maisha yake yote ingawa alilishwa na treni. Hakuniambia "Papa, fupisha". Aliandika mengine. Nilipokwenda nyumbani nilikuta ukimya umekaa kwenye kiti changu, lakini niliuambia sogea, kesho nina kazi.

Halafu akafika kwenye kurasa za Alhamisi.

Alisoma kaye kwa kidole. "Huyu mama. Tena huyu mama. Tena. Papa, anakuyaka kila juma?"

"Kila juma."

"Na hapa pembeni umeandika paka bado, bado, bado." Akavua miwani. "Njo yeye tutaanza naye. Kama mashini haiwezi kusaidia mutu mwenye kuuliza hivi, haina faida. Alhamisi tutaipima naye, mbele ya shefu."

Ilikuwa Jumatatu. Nilikuwa na siku tatu.

Orodha ya majina ya pembeni ilikuwa mbele yangu. Fungu la wasio na majina lilikuwa limekwisha pigwa foto kama mafungu mengine, na wale binti wa mashini walikuwa wameandika kila dosye kwa maneno yaliyo juu ya karatasi. Neno mapasa lilikuwa ndani humo. Lilibaki kufungwa kamba na lile jina la batizo, mstari mmoja tu wa biki: huyu njo huyu. Hakuna mtu mwingine hai hapa Kamina aliyeweza kuuandika, isipokuwa mama mwenyewe, na yeye hakujua kama anaulizwa. Jumatatu sikuandika. Jumanne niliandika majina ya visima vyote vya kambi, na ya stesheni ndogo ambazo zimebaki msingi tu. Jumatano mama arshitekte aliniuliza, "Imeisha, Papa? Hakuna lingine?" Nikasema imeisha. Nilihesabu hivi: mashini haitapata, mama atasikitika kidogo, na Alhamisi ijayo atakuja kama kawaida, na miye nitakuwa bado mwenye bado.

Ninyi mnaosoma mtaniona mtu mbaya. Ni haki yenu. Lakini mtu aliyezoea kula na wenzake hajui njaa ya mtu anayekula bukari, ugali wake, akitazama ukuta.

Alhamisi mama alikuja amevaa kikwembe cha misa, na kitambaa kipya kichwani. Hakuleta kibuyu. Alimwamkia shefu kwa kupiga magoti kidogo, akakaa mbele ya kioo cha mashini mikono mapajani, kama mtu anayengoja kupigwa picha. Mama arshitekte akamwomba aseme jina la mume wake. Akasema majina yote mawili, na jina la kijiji, na jina la baba wa mume, sauti ndogo. Vidole vikaandika. Mashini ikafikiri. Kisha kwenye kioo kikatokea kimstari, na mama hasomi, akauliza, "Inasema nini?"

Shefu njo alisoma. "Inasema hakuna."

"Hakuna?"

"Hakuna, mama. Imetafuta mu makaratasi yote."

Nilingoja asikitike kidogo. Hakusikitika kidogo. Alikaa akikitazama kile kioo, halafu akatikisa kichwa kama anayekubali bei. "Bon. Huyu mzee alikuwa ananiambia bado, nikawa nangoja. Sasa mashini imeona yote, imesema hakuna. Kumbe haiko." Akasimama. Akatengeneza kitambaa. Akaja mbele yangu, akanipa mikono yote miwili. "Wafwako, asante, Papa. Umetafuta sana. Ulinivumilia. Sitakusumbua tena. Nitamulilia mu nyumba tu."

Hapo njo nilielewa kitu ambacho hata mama arshitekte, na shule yake yote, hakuwa amekifikiri bado. Bado yangu ilikuwa uongo, lakini ilimwacha mtu na kesho. Hakuna ya mashini ilimfunga. Miye nilipanga kumweka karibu, na kumbe nilikuwa nimemzika mume wake mara ya pili, tena bila kilomita.

"Mama, kaa kwanza," nikasema.

"Nikae juu ya nini, na karatasi haiko?"

"Kaa. Mwambie huyu mama wa mashini namna mulikuwa munamuita bwana yako nyumbani."

Akanitazama. Akaona haya, mbele ya shefu. "Ile si jina ya bilo, Papa."

"Sema."

"Papa mapasa."

Mama arshitekte alikuwa amekwisha kuandika. Wakatokea wengi kidogo, Papa mapasa wa kisima, wa mizigo, wa kiwanja cha mpira, lakini nikanyoosha kidole kwenye kipicha cha nne, cha penseli, bila miwani, bila kusoma. "Ile ya ine."

Karatasi ya penseli ikajaa kwenye kioo. Shefu akasema, "Ah, mzee! Umeijuaje bila kusoma?" akacheka, akitaka kunisifu. Mama hakucheka. Alinitazama muda mrefu kuliko Alhamisi zote.

"Tangu lini?"

Ningeweza kusema tangu leo. Shefu angenisaidia.

"Tangu ile mvua ya kupasua manjanja."

"Ile ya mwaka juzi?"

"Njo ile."

Alivuta pumzi. "Kumbe," akasema, "minyi nilikuwa nakuonea huruma. Nilikuwa nasema, huyu mzee masikini, anafukua mavumbi kwa ajili yangu, acha nimupelekee hata munkoyo asikauke koo." Halafu akageukia mama arshitekte. "Mama, nisomee weye. Huyu asisome."

Akasomewa. Kilomita, mto, mti, upande wa kulia ukitoka Bukama. Alirudia kila neno kwa kidole, kimoja kimoja, kama anayejifunza sala. Wakampa karatasi yenyewe, shefu alikubali, na akaikunja ndani ya kikwembe, kifuani. Aliaga kila mtu. Mbele yangu alipita.

Nilienda nje nikakaa kwenye benchi ya uani. Baadaye mama arshitekte alikuja akakaa, na nikangoja anikaripie. Alisema tu, "Papa, lile neno uliliacha kusudi." Nikasema ndiyo. Akauliza sababu. Nikasema, "Alhamisi." Akalifikiri lile neno, halafu akasema yeye anakaa Lubumbashi peke yake kwenye nyumba ya vyumba vitatu na anaijua Jumapili kama miye ninavyoijua Alhamisi, lakini hilo halifuti kitu. Halikufuta. Nilifurahi kwamba hakusema linafuta.

Kabla hajarudi kwake alibadilisha kitu kimoja kwenye mashini. Ikikosa, haisemi tena hakuna. Inasema haijaona, na inakwambia uulize kwa majina mengine, au uende mlangoni. Shefu hakupenda, alisema inaonyesha kwamba mashini haijui. Mama arshitekte akamjibu, "Haijui, shefu. Na ikisema haijui, bantu bataiamini zaidi." Aliniomba pia niandike majina yote ya pembeni yaliyobaki kichwani. Niliandika kaye mbili. Sikuacha hata moja, nadhani. Sasa hivi niko mtupu kama gunia lililokung'utwa.

Watu wanapita moja kwa moja kwenye kioo. Ni vizuri. Wanatoka na karatasi yao wakati chai ya mtu haijapoa. Mara moja moja mashini inamtuma mtu mlangoni, na ananikuta, tunasaidiana, anakwenda. Siku nyingine hatumwi mtu.

Mama alikwenda Bukama na watoto wake wawili, wale mapasa, watu wazima sasa wenye mvi. Nilisikia wameona mahali. Mto ulikuwepo. Musalaba waliuchongesha hapa, ukasafiri juu ya magunia. Niliyasikia haya kwa mtu wa stesheni, si kwake.

Wiki iliyopita alipita barabarani amepanda nyuma ya taksi-moto, na muhogo kwenye mapaja. Pikipiki ilipunguza mwendo kwenye mashimo, hapa mbele ya bilo, na macho yetu yakakutana. Akasema, "Jambo, Papa," sauti ile anayomwamkia nayo mtu yeyote mwenye mvi. Nikasema, "Jambo, mama." Nilikuwa nimefungua mdomo niongeze kitu, sijui nini, habari za soko labda. Pikipiki ikatoka kwenye shimo, ikaenda.